Vinamasi vya chumvi (2): Ukuta uliobomolewa makusudi

Wiki iliyopita tuliona jinsi kinamasi cha chumvi kinavyojijenga chenyewe. Maji ya bamvua huingia na tope, majani yanayostahimili chumvi huvunja kasi yake, tope likatua, na mwaka hadi mwaka ardhi ikapanda. Leo tuangalie namna ya kukilinda.

Pwani ya Essex, mashariki mwa Uingereza, watu walitegemea kuta kwa karne nyingi. Walizungushia vinamasi matuta ya udongo, wakayatoa maji, wakalima. Usiku wa Januari 31, 1953 bahari ilifurika na kuua zaidi ya watu 300 nchini humo, na baada ya hapo kuta zikaimarishwa zaidi. Vinamasi vilivyobaki upande wa nje vikabanwa. Kwa kawaida bahari ikipanda, kinamasi hurudi nyuma taratibu na kuota penye mwinuko. Chenye ukuta mgongoni hakina pa kukimbilia. Huliwa na mawimbi kidogo kidogo hadi kikaisha.

Ndani ya ukuta nako kuna deni. Shamba lililonyimwa tope la bahari hukauka, hujishindilia na kushuka. Katika kisiwa cha Wallasea, maji yakijaa, bahari iliyo nje husimama juu kuliko shamba lililo ndani.

Wallasea iliingia katika historia kwa kesi ya mahali pengine. Lappel Bank lilikuwa eneo la tope kwenye mlango wa mto Medway, ambako ndege wengi walipata riziki yao. Mwaka 1993 serikali iliacha kulitia katika hifadhi ili bandari ya Sheerness ipanuke. Shirika la kulinda ndege, RSPB, likaenda mahakamani. Mwaka 1996 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mipaka ya hifadhi ya ndege haichorwi kwa kupima faida ya kiuchumi. RSPB walishinda kesi, lakini tope lilikuwa limekwisha kufukiwa, na magari yakaegeshwa juu yake.

Fidia ilikuja mwaka 2006, ukuta wa kaskazini mwa Wallasea ulipobomolewa makusudi na hekta 115 kurudishiwa bahari. Baadaye RSPB walichukua sehemu kubwa ya kisiwa kilichobaki, wakawa na tatizo la hesabu. Shamba lililoshuka kiasi kile, likifunguliwa tu, lingemeza maji mengi kila yanapojaa, na yakitoka yangetoka kwa nguvu, yakachimba kingo za mito ya Crouch na Roach. Ilibidi ardhi iinuliwe kwanza. Udongo ulipatikana London, ambako mahandaki ya reli ya Crossrail yalikuwa yakichimbwa: zaidi ya tani milioni 3, nyingi zikiletwa kwa meli. Mafundi wakatengeneza visiwa vidogo na mahori, na mwaka 2015 ukuta ukakatwa.

Katika tope jipya kama hilo mmea wa kwanza huwa salikonia, vishina vinene vya kijani visivyoonekana kuwa na majani, vilivyojaa maji ya chumvi. Ukikivunja kimoja hulia ka! Wenyeji huvichemsha na kuvila kwa samaki.

Hata hivyo, kinamasi cha kutengenezwa si sawa na cha asili. Uchunguzi wa maeneo kama haya nchini Uingereza umeonyesha kwamba mimea yake haifanani na ya vinamasi vya kale hata baada ya miaka mingi, kwa kuwa udongo uliowahi kulimwa umeshindiliwa na hauchuji maji vizuri. Kwa hiyo wanaposema hekta iliyoharibiwa imefidiwa kwa hekta iliyotengenezwa, mimi husita. Mkulima wa Essex naye ana hoja: ardhi ile iliokolewa baharini kwa jasho la mababu zake, na sasa anaambiwa ifunguliwe.

Wiki ijayo tutarudi kwetu, Gongoni, kaskazini mwa Malindi, tuone mikoko inavyoishi na kuta za mashamba ya chumvi.