Kikosi Namba 825: Ndege Sita Mbele ya Manowari za Hitler

Katika Vita Kuu vya Pili vya Dunia, Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa na vikosi vyake lenyewe vya ndege, vilivyochukuliwa baharini katika manowari kubwa zenye sitaha pana kama uwanja. Kimoja katika vikosi hivyo kiliitwa Kikosi Namba 825. Habari zake zastahili kujulikana, maana katika muda usiotimia miezi tisa kilishambulia manowari kubwa za Ujerumani mara mbili, kwa ndege za namna ile ile na chini ya mkuu yule yule. Mara ya kwanza ndege zote zilirudi salama. Mara ya pili haikurudi hata moja.

NDEGE YENYEWE

Ndege hiyo iliitwa Swordfish. Mabawa yake yalikuwa ya tabaka mbili, yaliyowambwa kitambaa, na watu watatu walikaa ndani pasipo kifuniko juu yao: rubani, mwonyesha njia, na mpiga bunduki, ambaye ndiye pia aliyetumia simu ya upepo. Chini ya tumbo ilichukua topido moja yenye uzito wa ratili 1,600 na zaidi. Topido ni kombora liendalo majini kwa mtambo wake, likatoboe merikebu ubavuni. Ikiisha kutwikwa mzigo huo, Swordfish ilikwenda kama maili 100 tu kwa saa, hali ndege za vita za Wajerumani ziliweza kupita maili 350.

Tena topido haitupwi ovyo. Ikiangushwa kutoka juu sana, huharibika au hupotea njia. Kwa hiyo rubani hakuwa na budi kushuka karibu na mawimbi, kunyosha ndege sawasawa, na kuelekea moja kwa moja kwenye mizinga ya adui mpaka zibaki yadi 1,000 hivi. Wakati huo ndege ilikuwa shabaha rahisi. Ndiyo sababu ilihitaji moja katika mambo mawili: ama giza na mawingu ya kuificha, ama ndege nyingine za kuilinda.

Ndege za namna hii zilifika hata pwani ya Kenya, kwani zilichukuliwa na manowari Illustrious, iliyotia nanga Kilindini mwaka 1942.

USIKU WA BISMARCK

Asubuhi ya tarehe 24 Mei, 1941, manowari ya Kijerumani Bismarck ilizamisha manowari ya Kiingereza Hood. Watu zaidi ya 1,400 walikufa, wakaokoka watatu tu. Usiku ule ule Swordfish tisa za Kikosi 825 ziliruka kutoka manowari Victorious, katika mvua na upepo mkali, zikiongozwa na Eugene Esmonde. Topido moja ilimpiga adui ubavuni, penye chuma kinene, isimdhuru sana. Lakini ndege zote tisa zilirudi gizani, zikatua juu ya sitaha iliyokuwa ikipanda na kushuka. Bismarck ilizama tarehe 27 Mei, baada ya kushambuliwa tena na ndege nyingine na manowari.

Mwezi wa Novemba kikosi kilikuwa katika manowari Ark Royal, ilipopigwa na sabmarini karibu na Gibraltar, ikazama. Mwanzo wa mwaka 1942 kikaundwa upya Uingereza.

MCHANA WA DOVER

Wakati huo manowari tatu za Kijerumani, Scharnhorst, Gneisenau na Prinz Eugen, zilikuwa katika bandari ya Brest, Ufaransa. Waingereza walidhani zingepita mlango wa bahari wa Dover usiku, kwa hiyo Swordfish sita ziliwekwa tayari Manston kuzishambulia gizani. Wajerumani walifanya kinyume: waliondoka Brest usiku wa tarehe 11 Februari, wakapita Dover mchana wa siku ya pili. Siku ile ile ya tarehe 11 Esmonde alikuwa amepokea kwa Mfalme nishani aliyostahili kwa vita vya Bismarck.

Esmonde aliahidiwa vikosi vitano vya Spitfire vya kumlinda. Ilipotimia saa 6 na nusu mchana, zilikuwa zimefika ndege kumi tu. Akingoja, adui atapita. Akienda, anajua yatakayompata. Akaenda.

Ndege za Wajerumani zilizijia Swordfish kwa wingi, na mizinga ya manowari ikazielekea. Zote sita ziliangushwa, wala hakuna topido iliyompata adui. Katika watu 18, walikufa 13, Esmonde akiwa mmoja wao. Watano waliokolewa majini, nao wote wakapewa nishani. Esmonde alipewa Victoria Cross baada ya kufa.

Manowari zile zilifika kwao, lakini mbili zilipigwa njiani na mabomu yaliyotegwa baharini. Gneisenau ilipigwa tena na ndege bandarini Kiel mwezi ule ule, isipigane tena kamwe.

Kikosi 825 kiliundwa tena. Mwaka 1944 kilikuwa katika manowari Vindex, kikilinda merikebu za shehena ziendazo Urusi kwa njia ya bahari ya kaskazini. Huko Swordfish ziliwinda sabmarini usiku, na kikosi hicho kilipewa pia ndege za Hurricane za kupigana na ndege za adui. Giza na ulinzi, ambavyo Esmonde alivikosa siku ile ya Dover, waliokuja baada yake walivipata.