Kondomu Kizimbani: Kinga Inapogeuzwa Ushahidi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Katika jiji la New York nchini Marekani, idara ya afya ilianza kugawa kondomu bila malipo mwaka wa 1971, na mwaka wa 2007 ikazindua kondomu zenye nembo ya jiji lenyewe. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi polisi wa jiji lilo hilo walizitwaa kondomu mikobani mwa wanawake na kuzifanya ushahidi wa ukahaba. Mkono mmoja wa serikali ulitoa, wa pili ukapokonya.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni ugumu wa kulithibitisha kosa lenyewe. Mapatano ya ukahaba hufanywa faraghani. Aidha, sheria ya jimbo la New York iliharamisha kuzurura kwa nia ya kufanya ukahaba, ilhali nia haionekani kwa macho. Hivyo basi, polisi walitafuta dalili: mavazi, mtaa, saa ya usiku na kondomu. Aghalabu walioshukiwa walikuwa wanawake maskini, wahamiaji na watu waliobadili jinsia.

Hoja ya kwanza ya wanaoipinga desturi hii ni ya kimantiki. Kondomu hubebwa na wanandoa, wanafunzi na hata wahudumu wa afya wanaozigawa. Kupatikana nayo hakuthibitishi kwamba mtu ameuza mwili wake.

Hoja ya pili inahusu uhai. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka wa 2012, iliyochunguza New York, Washington, Los Angeles na San Francisco, ilionyesha kwamba baadhi ya makahaba walipunguza kondomu walizobeba, na wengine wakaacha kuzibeba kabisa, kwa kuhofia kukamatwa. Hata kesi isipofika mahakamani, hofu huwa imekwisha kutenda kazi yake. Nao mteja aliyeambukizwa virusi vya Ukimwi hurudi nyumbani kwa mkewe.

Waendesha mashtaka walijitetea kwamba ushahidi huo huwanasa walanguzi wa binadamu. Hoja hiyo ilizingatiwa. Mnamo Mei 2014, polisi wa New York walitangaza kuacha kutwaa kondomu katika kesi za ukahaba na za kuzurura, lakini si katika kesi za ulanguzi. Mwaka wa 2015 sheria ya jimbo ikaukataza ushahidi huo katika makosa hayo mawili. California ilipitisha marufuku yake mwaka wa 2019, na mwaka wa 2021 New York ikaifuta sheria yenyewe ya kuzurura.

Suala hili haliko mbali na Kenya. Utafiti wa Open Society Foundations wa mwaka wa 2012 uliihusisha Kenya pamoja na Namibia, Afrika Kusini, Zimbabwe, Urusi na Marekani. Katika nchi zote sita, ulipata ushahidi wa polisi kuwanyanyasa makahaba wenye kondomu na kuwatisha ili watoe hongo.

Kuipinga desturi hii si kuutukuza ukahaba. Anayeuchukia ukahaba ana njia nyingi za kuukabili. Kumfanya mwanamke aiogope kinga yake mwenyewe hakumtoi barabarani, bali humwacha pale pale, bila kinga.