Sabufa haina besi? Ihamishe kwanza kabla hujanunua kubwa zaidi

Mtu wa Mfaranyaki au Bombambili, mjini Songea, akinunua sabufa mpya, mahali pa kuiweka pameshajulikana hata kabla boksi halijafunguliwa: chini ya TV, karibu na soketi. Dukani ilikuwa inapiga balaa. Nyumbani, akikaa kwenye kochi, besi haipo. Akisimama mlangoni, ghafla inagonga. Wiki mbili baadaye anaanza kuulizia bei ya kubwa zaidi.

Mara nyingi pesa hiyo ingebaki mfukoni. Sabufa haina shida, shida ni chumba.

Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Besi nzito ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kila sekunde, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Sebule ya nyumba ya kupanga, tuseme mita 3.6 kwa mita 3, ni ndogo kuliko wimbi lenyewe. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na jingine linalokuja. Kuna sehemu yanaongezana nguvu na kuna sehemu yanauana. Kwenye urefu huo wa mita 3.6, hali inakuwa mbaya zaidi karibu na hezi 48: ukutani mdundo unavimba, katikati ya chumba unakaribia kupotea kabisa. Na kochi la wengi liko wapi? Katikati.

Kuta za tofali na sakafu ya saruji au vigae zinazidisha tatizo, maana ni ngumu na hazimezi besi. Zulia na mapazia yanatuliza mwangwi wa sauti nyembamba tu. Chumba cha mraba ndiyo kabisa, kwa sababu urefu na upana vinavimbisha noti ile ile.

Wengi wanajua dawa moja: kona. Ni kweli, ukiisukuma sabufa konani besi inaongezeka bila kugusa volyumu, kwa kuwa kuta mbili na sakafu zinairudisha sauti upande wako. Lakini mara nyingi inageuka mvumo mmoja mrefu, singeli na amapiano zote zinalia vilevile.

Njia bora haihitaji kipimo chochote, ila inachekesha ukiiona. Beba sabufa uiweke juu ya kochi, pale pale unapokaaga. Weka wimbo ambao besi yake inapanda na kushuka, rumba inafaa sana. Halafu chuchumaa, sikio likiwa karibu na sakafu, uzunguke taratibu kando ya kuta. Kuna mahali besi itavuma, kuna mahali itapotea, na kuna mahali kila noti itasikika kwa nguvu inayokaribiana. Hapo weka alama ya chaki. Ndipo sabufa inapotakiwa kukaa. Sauti ikitoka kochini kwenda kwenye alama inapita njia ile ile ambayo ingepita kutoka kwenye alama kuja kochini, kwa hiyo jibu ni moja. Fanya watoto wakiwa shule.

Sabufa nyingi za mtaani zina amplifaya ndani yake, na waya za spika ndogo ni fupi. Zinaweza kuongezwa, ila zima umeme kwanza na usichanganye nyekundu na nyeusi: spika moja ikigeuzwa, inaanza kupingana na mwenzake. Usiifiche nyuma ya kochi pia. Chini ya hezi 80 hivi sikio halitambui vizuri besi inatokea wapi, lakini sabufa za bei nafuu hupiga na sauti za juu ya hapo, kwa hiyo utasikia mtangazaji wa kiume anaongea mgongoni kwako.

Iache ikae sakafuni, siyo juu ya kabati la vyombo, na tundu lake la hewa lisibanwe na ukuta. Vipande vya kandambili kuukuu chini yake vinapunguza mtetemo.

Havimwokoi jirani, hata hivyo. Besi hupenya ukuta kuliko sauti yoyote, na nyumba nyingi za vyumba vilivyopangana kuta hazifiki kwenye bati; juu ni silingi tu. Baba mwenye nyumba siyo wa kuogopwa peke yake: Tanzania ina kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, na viwango vyake kwa makazi vinashuka usiku. Kama una ukuta mmoja na jirani, sabufa iondoke kwenye ukuta huo, isogezwe karibu na kochi. Ikiwa hatua moja kutoka ulipokaa, utaisikia vizuri kwa volyumu ndogo.