Thika, Mboga na Mwezi Wake

Mkazi wa maghorofa ya Ruiru anaweza kumaliza mwaka bila kujua mvua imefanya nini shambani. Sukuma wiki anaikuta kibandani Januari, anaikuta Julai, ikiwa imeshakatwakatwa. Ilikotoka haulizi, ingawa kila mtu amesikia habari za mboga zinazomwagiliwa maji taka. Na hapo alipojengewa palikuwa na mibuni! Kahawa ya Ruiru 11, iliyoanza kupewa wakulima mwaka 1985, ilipata jina lake kutokana na kituo cha utafiti cha mji huu.

Dawa ya hali hii iko karibu. Upande wa Thika kuna mashamba ya mafunzo yasiyoendeshwa kwa faida. Mojawapo ni G-BIACK, lililoanzishwa mwaka 2008 na Samuel Nderitu na mkewe Peris ili kuwafundisha wakulima wadogo, wengi wao wanawake, kulima bila mbolea ya dukani wala dawa za sumu.

Ukifika shamba la namna hii, tazama tuta kwanza. Mtaro huchimbwa kina cha sentimita 30 hivi, kisha udongo wa chini hutifuliwa kwa uma sentimita 30 nyingine bila kupinduliwa, na mboji huchanganywa juu. Tuta likishaiva, ni mwiko kulikanyaga. Miche hupandwa kwa kubanana hadi majani yagusane, yakaufunika udongo usikauke. Ndiyo maana kipande kidogo tu cha ardhi hulisha nyumba nzima.

Nenda kwa majira. Mvua za masika zikishika, mwisho wa Aprili na Mei ni wakati wa managu, terere na kunde. Managu huchumwa ncha tu, shina litoe matawi mapya, na mkulima anaendelea kuvuna kwa wiki kadhaa. Machanga hayana uchungu mwingi. Yachemshe kidogo, yakaange na kitunguu, umalizie kwa maziwa na kuyaacha yatokote polepole. Kwa ugali wa moto, mimi sihitaji nyama. Julai huja mahindi mabichi, na githeri yake haifanani kabisa na ile ya mahindi makavu. Mvua za vuli hurudisha mboga za majani kuelekea Desemba, maembe yakianza kuiva upande wa chini wa Thika.

Usiondoke bila kuuliza habari za mbegu. Kwa miaka mingi sheria ilimtishia mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Wakulima 15 walikwenda kortini kuipinga mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vya sheria vinakiuka katiba. Nilifurahi sana, kwa kuwa mbegu ya managu au njahi hupita kutoka kwa nyanya hadi kwa mjukuu, na serikali haikuwa na sababu ya kuingia katikati.

Piga simu kabla ya kwenda, maana hapo ni mahali pa kazi na huenda kuna darasa linaendelea. Beba kiondo. Bei ya mboga ukitajiwa, lipa bila kuvutana. Pesa hiyo husaidia mafunzo. Na kama una roshani yenye jua, omba wakuonyeshe jinsi ya kupanda terere kwenye gunia.