Bibi Aliyewatoa Wazigua Utumwani

Mtu akitoka Korogwe, akauvuka Mto Pangani na kushika njia ya kusini kwenda Handeni, huingia katika nchi ya Wazigua. Ni nchi ya watu wachapa kazi, lakini mvua yake haina ahadi. Akina mama wa huko wamezoea kulitazama ghala la mahindi na kuhesabu miezi iliyobaki. Njaa kwao si hadithi ya kitabuni.

Leo, wasomaji wapenzi, nataka tumkumbuke bibi mmoja ambaye habari zake zaanza na njaa. Jina lake ni Wanankhucha. Huenda wengi wenu hamjapata kulisikia, maana jina hilo limetunzwa mbali sana, kando ya Mto Juba katika nchi ya Somalia. Lakini wajukuu wa watu wake wamerudi, nao wanakaa Handeni. Hao ndio waliokuja na jina lake.

Katika miaka ya 1830 mvua ilikosekana huku kwetu mwaka baada ya mwaka. Vyakula vikaisha, watu wakateremka pwani. Huko walikuta wenye majahazi, ambao waliwaahidi kazi na chakula katika nchi nyingine. Wako waliojitoa wenyewe, wako na waliowatoa watoto wao ili wapate nafaka. Tusiwahukumu upesi. Mzazi anayemwona mtoto wake akikauka mbele ya macho yake hana nafasi ya kuuliza maswali mengi kwa mtu aliyeshika pishi ya mtama.

Majahazi yakaelekea kaskazini mpaka bandari za Benadiri. Hapo ahadi ikageuka: wakauzwa. Wakapelekwa bonde la Mto Shabele kulima mashamba ya mabwana, nafaka na pamba na ufuta. Waliodhani wanakwenda kufanya kazi ya msimu mmoja wakajikuta watumwa, wao na watoto wao.

Kati yao alikuwako Wanankhucha. Wazee husimulia kwamba alikuwa mwanamke wa maono, mtu wa kuliona jambo kabla halijatukia, na kwamba neno lake lilisikilizwa na wanaume kwa wanawake. Msomaji asistaajabu. Zamani Wazigua walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mwanamke mwenye busara alikuwa na kiti chake barazani. Hata Morogoro, Mzigua mmoja, Kisabengo, alijenga mji wenye boma, na alipokufa ni binti yake aliyeushika utawala. Stanley alipopita hapo mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone, aliukuta mji huo chini ya mwanamke.

Basi Wanankhucha aliwakusanya watu wake, wakatoroka. Haikuwa mbio za kijana mmoja usiku. Walikuwamo akina mama na watoto, na kila mwenye kujua safari za miguu pamoja na watoto ajua maana yake: huyu ana kiu, huyu amechomwa na mwiba, huyu analia wakati ambapo kulia ni hatari. Shabaha yao ilikuwa moja tu, kurudi Uzigua. Walishika njia ya kusini, hata wakafika bonde la chini la Mto Juba.

Toka hapo hadi Handeni zimebaki zaidi ya kilomita 700, hata ungeweza kuruka kama ndege. Katikati ni nchi kavu na watu wasiowajua. Tena walipofika, ndivyo wasimuliavyo, ardhi ilitetemeka. Wanankhucha akalipokea tetemeko lile kama ishara, akawaambia watu wake wakae pale pale, wasiendelee.

Hapa ndipo mimi humheshimu zaidi. Sisi Wakristo hatusomi mapenzi ya Mungu katika mitetemeko ya ardhi, lakini bibi huyu alikuwa na macho pia. Mbele yake palikuwa na mto usiokosa samaki, udongo mweusi, na msitu mnene wenye mbung'o, ambao wafugaji wa ng'ombe waliuogopa kwa ajili ya mifugo yao. Adui asiyeweza kuleta ng'ombe wake hakai sana. Kuwaambia watu "twendeni kwetu" ni neno tamu, kila mtu atalifuata. Kuwaambia "kwetu hatutafika, tulimeni hapa" ni neno chungu, hasa likitoka kinywani mwa yule yule aliyewatoa. Alilisema, nao wakatii.

Wakafyeka msitu, wakapanda mahindi. Watumwa wengine waliotoroka, Wayao, Wamakua na Wanyasa, wakaja kukaa jirani nao, hata kufika mwanzo wa karne ya 20 vijiji vya Juba vilikuwa na makumi ya maelfu ya watu. Hawakupata raha sikuzote. Waitaliano walipotawala waliwashurutisha wengi wao kufanya kazi katika mashamba ya wakoloni. Majirani waliwaita Mushunguli, jina ambalo wataalamu hulilinganisha na neno Mzigula. Mara nyingi lilitamkwa kwa dharau.

Hata hivyo Kizigua hakikufa. Jambo hili lastahili kufikiriwa na sisi ambao mtoto wetu akikaa mjini miaka miwili tu hurudi amesahau salamu za nyumbani. Wale walikaa zaidi ya miaka 150 kati ya watu wa lugha nyingine, bila shule wala vitabu vya Kizigua. Nani aliwafundisha? Ni akina mama na akina bibi, jikoni na shambani. Na mambo ya jadi yaliendelea kushikwa kwa koo za upande wa mama, kama ilivyokuwa Uzigua.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ikaanguka. Wenye bunduki wakaingia vijiji vya Juba, wakapora maghala ya wakulima, na watu wengi wakafa kwa njaa. Wazigua wakakumbuka kwamba safari ya bibi yao haikuwa imekwisha. Maelfu wakaja Tanzania, wengi kwa vyombo vya baharini, wakapewa kambi ya Mkuiyu katika Handeni. Walipofungua vinywa wenyeji wakawaelewa. Kilikuwa Kizigua, pamoja na maneno mageni kidogo ya huko walikotoka.

Mwaka 2003 walihamishiwa Chogo, katika wilaya hiyo hiyo ya Handeni, wakapata mashamba. Serikali ikawafungulia njia ya uraia, na wengi wakaupata. Ndugu zao waliokimbilia kambi za Kenya walichukuliwa kwenda Marekani, hata Kizigua kikasikika Idaho, mahali penye theluji.

Wanankhucha mwenyewe hakuuona tena Mto Pangani. Huko Chogo akina mama wa uzao ule wanapanda mahindi, na mwezi wa tatu ukifika hutazama mawingu pamoja na jirani zao wa Handeni.