Bahasha za Mario na Link

Uchoraji wa bahasha ulikuwa desturi ya watoto na vijana wa Marekani waliopenda michezo ya video, hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Shabiki alipoliandikia jarida la michezo hakutuma bahasha isiyo na pambo. Aliipamba kwa penseli za rangi na kalamu za wino, akiwachora mashujaa wa michezo hiyo kama Mario, Link, Samus au Mega Man. Kitovu cha desturi hiyo kilikuwa Nintendo Power, jarida lililoanzishwa na kampuni ya Nintendo mwaka 1988 na kufikia toleo la mwisho Desemba 2012. Bahasha zilizopendeza zilichapishwa katika kurasa za barua. Jarida la Electronic Gaming Monthly nalo liliendesha shindano la namna hiyo.

Barua yenyewe huenda ilikuwa mistari michache tu ya sifa au ya kuuliza mbinu ya kumshinda adui fulani. Bahasha ndiyo iliyobeba kazi, kwa kuwa ilionwa kabla barua haijafunguliwa.

Posta nayo ilikuwa na masharti yake. Anwani ilipaswa kusomeka, na stempu ilikuwa na pembe yake, juu kulia. Mchoraji hodari aliyageuza masharti hayo kuwa sehemu ya picha: anwani ikaandikwa juu ya ngao ya Link au ukuta wa ngome, stempu ikawa jua au sarafu. Asichoweza kukipangia ni muhuri wa posta, ambao uliweza kumwangukia shujaa puani.

Wachoraji hao walikuwa na mengi ya kujazia, kwani mashine za wakati ule zilionyesha kidogo. Picha ya NES, mashine ya michezo ya Nintendo, ilikuwa na nukta 256 kwa 240. Mario mwenyewe alipewa kofia na masharubu kwa sababu nywele na mdomo vilikuwa vigumu kuonyesha kwa nukta chache. Sura kamili ilipatikana kwenye boksi la mchezo na kijitabu cha maelezo, na hapo ndipo wengi walipoiga. Waliochoka kuiga walibuni: mtoto aliweza kuwaweka Mario na Link katika pambano moja muda mrefu kabla mchezo wa Super Smash Bros. haujawakutanisha mwaka 1999. Pua zilipinda na mikono ikazidi urefu, lakini bahasha za aina hiyo ndizo zenye uhai zaidi.

Barua pepe iliikausha desturi hii polepole. Waliokuwa watoto wakati huo sasa ni watu wazima, na baadhi yao hupekua majarida ya zamani wakitafuta picha zao, ambazo zilichapishwa kwa ukubwa mdogo kuliko bahasha zenyewe. Ambao bahasha zao hazikuchapishwa hawana cha kutafuta. Nakala ilikuwa moja, nayo ilitumbukizwa kwenye sanduku la posta.