Farasi, Punda na Punda Milia: Nani Akae Wapi Bonde la Mkata?

Je, wajua kwamba ndugu wawili wa farasi wanaishi Kilosa na Mikumi, lakini farasi mwenyewe ni nadra kuonekana huko? Barabara kuu ya Morogoro–Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na abiria aliyekaa dirishani huwaona punda milia wakila kwenye mbuga ya Mkata. Katika vijiji vya wafugaji wilayani Kilosa, kama Parakuyo na Twatwatwa, mnyama wa mizigo ni punda. Nyasi zipo, maji yapo, joto si la kumuua farasi. Kinachomfukuza ni wadudu, na anayetaka kujua mnyama gani akae wapi aanze na wadudu hao kabla ya kuuliza habari ya malisho.

Jambo hili lilijaribiwa zamani. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akienda kumtafuta mmisionari David Livingstone, aliondoka Bagamoyo na farasi wawili pamoja na kundi la punda. Alitaka kuona kama farasi anaweza kuhimili safari za bara. Jaribio liliisha kabla hajafika Morogoro, kwani farasi wote wawili walikufa wakifuatana kwa muda usiofika siku moja. Punda waliendelea na safari, lakini mbuga ya Makata, ndiyo Mkata ya leo, waliikuta masika imeigeuza tope na maji matupu, na huko punda nao wakaanza kufa. Msafara mmoja ukaonyesha kwamba farasi ana kikomo chake na punda ana chake.

Mbung'o hapendi jua

Miaka 24 baadaye, mwaka 1895, daktari David Bruce aliyekuwa akifanya kazi Zululand, Afrika Kusini, aligundua vimelea katika damu ya wanyama wenye ugonjwa uitwao nagana, kisha akaonyesha kwamba vinaenezwa na mbung'o. Mtazame mbung'o akitua: ni mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, na akitulia hulaza bawa moja juu ya jingine kama mikasi iliyofungwa. Dume na jike wote hunyonya damu. Jike hatagi mayai. Huzaa buu mmoja tu kila baada ya siku tisa au kumi, na buu huyo hujichimbia kwenye udongo laini ulio kivulini. Ndiyo maana mbung'o hustawi kwenye miombo na vichaka, na hupungua mahali palipo wazi na penye jua kali.

Farasi aliyeambukizwa hupata homa inayokuja na kuondoka. Anakula lakini anakonda. Damu inapungua, miguu na sehemu ya chini ya tumbo vinavimba, mwisho anayumba na kushindwa kusimama. Punda anastahimili zaidi, ingawa naye huugua.

Mbung'o anaweza kushindwa. Kisiwani Unguja walitokomezwa kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi, ambayo yalizalishwa kwa wingi Tanga na kumwagwa kwa ndege kati ya 1994 na 1997. Lakini kisiwa kimezungukwa na bahari. Mikumi imepakana na misitu, vichaka na wanyamapori wa kila aina, na mbung'o aliyeondolewa leo hufuatwa na mwingine kesho. Vitambaa vya buluu na vyeusi vyenye dawa, vinavyotundikwa kwenye maeneo ya mbung'o, hupunguza idadi yao tu.

Jirani asiyeugua

Adui wa pili ni mdogo zaidi: usubi, ambao hueneza virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ugonjwa huu unaweza kuua zaidi ya farasi tisa katika kila kumi wasio na kinga. Mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na mnyama aliyeonekana mzima asubuhi anaweza kufa kabla ya jua kuzama. Baghala hufa kwa kiasi kidogo kuliko farasi, na punda kidogo zaidi. Punda milia hubeba virusi hivyo kwenye damu bila kuonyesha dalili yoyote.

Ulaya ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1987 ugonjwa ulizuka Hispania baada ya punda milia kutoka Namibia kupelekwa kwenye bustani ya wanyama karibu na Madrid. Wao walikuwa wazima. Farasi wa majirani ndio waliokufa. Kwa hiyo anayefikiria kuweka farasi wa kitalii mpakani mwa Mikumi ajue kwamba wale punda milia wazuri wa kutazamwa ndio ghala la maradhi yanayoweza kumaliza banda lake.

Na punda milia mwenyewe anaishije na nzi hao wote? Timu ya Tim Caro, mtafiti ambaye amefanya kazi miaka mingi nchini Tanzania, ilionyesha mwaka 2014 kwamba milia ya wanyama wa jamii ya farasi huonekana zaidi mahali penye nzi wengi wanaouma. Mwaka 2019 walichapisha jaribio lililofanyika Uingereza, ambako farasi wa kawaida walivishwa majoho yenye rangi moja na mengine yenye milia. Pange walikaribia kwa kiasi kilekile, lakini walipofika karibu na milia walishindwa kupunguza mwendo: wengine walipitiliza, wengine walijigonga na kuruka tena. Kichwani, ambako joho halikufika, walitua kama kawaida. Mfugaji anaweza kuutumia ujuzi huu leo, kwa kumvisha farasi joho lenye milia anapokuwa malishoni mchana.

Farasi si punda mkubwa

Wadudu wakishapimwa ndipo yanafuata mahitaji ya mnyama mwenyewe, na hapa wengi hukosea kwa kuwaweka farasi na punda pamoja wakidhani tofauti ni ukubwa tu. Punda alianza kufugwa kaskazini mashariki mwa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita, katika nchi kame. Mwili wake umezoea nyasi kavu zisizo na nguvu nyingi. Akilishwa kama farasi hunenepa hadi mafuta yakajikusanya shingoni, na kwato zake zinaweza kupata maumivu makali. Manyoya yake hayana mafuta ya kutosha kuzuia maji, hivyo mvua humpenya hadi kwenye ngozi. Masika ya Kilosa bila paa ni mateso kwake, na tope la kudumu huozesha kwato.

Farasi amezoea majani mabichi, na mwenye kilo 450 anahitaji takriban kilo tisa za chakula kikavu kwa siku na maji lita 25 hadi 50, kutegemea joto na kazi. Lakini si kila jani la ng'ombe linamfaa. Seteria, kwa mfano, ina chumvi zinazofunga kalsiamu, na farasi anayeitegemea kwa miezi huanza kudhoofika mifupa. Hatari zaidi ni mahindi yenye ukungu. Fangasi wa Fuzari hutoa sumu inayoharibu ubongo wa farasi na punda, na hakuna tiba. Katika wilaya ya mahindi kama Kilosa, gunia lililolowa ghalani lisigeuzwe chakula cha mnyama huyu.

Kuna pia minyoo ya mapafu: punda huibeba bila kukohoa, lakini farasi anayechunga palepale huugua. Hata hivyo, wasitenganishwe wasionane kabisa. Wote ni wanyama wa kundi, na punda aliyeondolewa ghafla kwa mwenzake anaweza kukataa chakula. Akikaa na njaa, mafuta hujaa kwenye damu na kumuua. Jibu ni mazizi mawili yenye uzio wa pamoja, ambapo wanaonana na kugusana pua, lakini kila mmoja ana hori lake na malisho yake. Mnyama mzee aliyechakaa meno apewe pembe yake, ale pumba iliyolowekwa bila kunyang'anywa na vijana.

Namna ya kuamua

Swali la kwanza ni je, mbung'o wapo? Kama wapo, farasi asiletwe, hata malisho yawe mazuri namna gani. Ndiyo sababu wafugaji wa farasi nchini huelekea nyanda za juu kama Arusha. Hata hivyo, farasi hatafuti baridi. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na farasi wake huishi Dar es Salaam penye joto la pwani, kwa kuwa mjini hakuna vichaka vya mbung'o na madaktari wa mifugo wako karibu.

La pili ni usubi. Banda lijengwe kwenye mwinuko unaopigwa na upepo, mbali na maji yaliyotuama. Usubi huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, kwa hiyo farasi aingizwe kabla ya jua kuzama, nyuma ya wavu wenye matundu madogo.

La tatu ni ardhi. Mafuriko ya mto Mkondoa, yaliyowahamisha maelfu ya watu Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yanatosha kumwonya yeyote anayetaka kujenga zizi bondeni kwa kufuata majani mabichi.

Chakula kiwe cha mwisho, kwa sababu chakula hubebwa kwa mkokoteni hadi bandani, lakini mbung'o hahamishwi kwa mkokoteni. Na penye wanyama wengi, mahali pachaguliwe kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote. Pakimfaa yeye, wengine watahitaji marekebisho madogo tu. Pasipomfaa, ni huruma kumwacha aishi kwingine, na bonde la Mkata libaki na punda na punda milia.